Famiya ya Lubumbashi: Prado, Lexus ao Range?

Papa Mukubwa: Jambo bote. RAV4 minaiuzisha mwezi huu, imekuwa ndogo kwetu. Banionyesha motokari tatu: Prado 150 ya 2.7, Lexus RX 350, na Range Rover Sport ya zamani, ile ya kwanza kwanza, njo maana bei yake haiachani sana na zingine. Museme, lakini museme vizuri, hapana kunitumia bicheko tu

Trésor: RANGE papa mukubwa 🔥🔥 hata usiulize

Yaya Fiston: Trésor acha kwanza. Papa Mukubwa unaenda nayo wapi? Kama ni mujini tu, kartiye ya Golf mpaka posta na kurudia, yote tatu itakufikisha. Lakini weye kila mwezi uko mu njia ya Kolwezi, tena shamba, na ile njia ya shamba mu mvua tunaijua bote. RX ni RAV4 yenye kuvaa kostime. Moteri V6 ya 3.5, siti za ngozi, ndani kimya kabisa, sibishi, lakini chini haina shasi ya peke yake, ile fremu ya chuma yenye kubeba bodi, na haina ile 4x4 ya polepole, vitesi ya nguvu ya kutoka mu matope. Prado iko na shasi, iko na 4x4 ya polepole, unafunga na diferansiyeli ya katikati, mapine ya mbele na ya nyuma inazunguka pamoja, mu matope njo inakutosha

Mama Mudogo Béa: Na Kambo, mama muzee wetu? Batu banasahau Kambo na magoti yake. Juzi ku ndoa balitupa lifti mu Prado, babili tunamushika mikono, mumoja nyuma anasukuma, kitambaa cha kichwa kinaanguka, haya mbele ya batu. Mi nilisikia Range unafinya tu kabutoni inashuka yenyewe

Trésor: 👆👆👆 merci mama

Yaya Fiston: Ni kweli inashuka mama mudogo, hapo Range inashinda. Lakini mujue inashuka na nini. Pa fasi ya resoro (springi) iko mifuko ya kaucu yenye hewa, na kompresa ya kuijaza. Kaucu ikizeeka inapasuka kidogo kidogo, hewa inatoka usiku, kompresa inafanya kazi bila kupumzika mpaka inaungua. Iko jirani hapa kwetu, jina ya motokari naacha, kila asubui anaikuta imelala chini, anawasha moteri anangoja ipande ndipo atoke mu parseli, na batoto ba shule balishaingia zamani banamuangalia. Prado unawekea tu fasi ya kukanyaga pembeni, Kambo anapanda

Trésor: yaya Fiston unachukia bintu bizuri. Angalia mapine yake basi, janti za inchi 22!!

Yaya Fiston: Njo haya mapine sasa. Soma namba pembeni. 275/40 R22, maana urefu wa kaucu ni 40 kwa mia ya 275, ni milimeta 110 tu kati ya shimo na janti yako. Ya Prado ni 265/65 R17, inakuwa milimeta 172. Na pine ya 17 kila muuza pine wa hapa iko nayo, ile ya 22 utangoja mutu atoke nayo ku Afrika Kusini

Mama Mudogo Béa: Siti ngapi?

Papa Mukubwa: Prado 7. RX 5. Range ile 5

Mama Mudogo Béa: Basi tunabishana nini toka asubui?? Tuko saba mu nyumba

Yaya Fiston: 😂😂 lakini Prado ukisimamisha siti za nyuma kofri (buti) inabakia kidogo tu, mizigo mingine utaikamata ku magoti

Trésor: Sawa mumenishinda ku siti. Lakini museme yote, 2.7 ni farasi 163 kwa motokari ya tani 2 na zaidi, na ile ni ya Japani volani (usukani) iko kulia, na siye hapa tunatembea kulia. Papa Mukubwa uko nyuma ya kamiyo ya kubeba kuivre (shaba) mbele ya Likasi, vumbi, hauoni kintu, unamuuliza mama pembeni "niko naweza kupita?", mama anachungulia anasema pita, kumbe ingine inakuja 🙃 na moteri haina nguvu ya kukutosha

Papa Mukubwa: Hapo Trésor unasema neno. Mama yako mukubwa anafungaka macho

Nadège (Bulaya): Bonsoir tout le monde. Mutafute Lexus GX 460. Chini ni Prado 150 yenyewe, shasi ile ile, siti 7, ila V8 ya 4.6 karibu farasi 300, na zenye kutoka Marekani volani iko kushoto

Papa Mukubwa: Inakunywa?

Nadège (Bulaya): Litre 14 na nusu kwa km 100, zaidi mujini. Na banaomba esanse ya super, ile petroli ya okteni ya juu

Yaya Fiston: Kolwezi ni km 300 na kitu. Hesabu litre 44 kuenda tu. RAV4 ya hibridi ingefanya ile njia na 18

Papa Mukubwa: Eeeh. Nadège mwanangu, weye njo utalipa esanse?

Nadège (Bulaya): 😅 basi Prado ile ile lakini ya Dubai, V6 ya 4.0. Volani kushoto, farasi zaidi ya 260, inakunywa lakini hapana kama V8. Ila mupige picha chini, ku mapine ya nyuma, juu ata Prado zingine za bei ziko na mifuko ya hewa nyuma. Tuone resoro ya chuma

Yaya Fiston: Njo hiyo. Na dizeli ya Bulaya musimukubalie mutu, zile moteri za sasa zinataka mazuti (dizeli) yenye sulfuri haipite 10 ppm, ni sehemu 10 kwa milioni, na hapa nani atakuhakikishia?

Papa Mukubwa: Nimemupigia muuzaji. Anasema V6 ya Dubai iko moja, iko mu njia ya Dar, wiki ijayo itakuwa ku mupaka, ku Kasumbalesa. Resoro ni ya chuma. Ila siti ndani ni nyeupe

Mama Mudogo Béa: NYEUPE?? Na hii vumbi yetu? Nani atafua??

Trésor: Range ilikuwa nyeusi ndani 😭