UZI WA MALALAMIKO: Mlituuzia gemu ya wachezaji wawili, pedi ya pili mmeificha wapi?

Jamani, nimenyamaza vya kutosha. Kama na wewe ulinunua ile gemu mpya ya magenge, ile ya picha za vitone na muziki wa kizamani, ndugu wawili wa bandarini wanaoanza kwa kuchomoa mizigo ya watu na kuishia wakubwa wa genge, hebu kaa hapa tusemezane. Jina lake silitaji. Walioinunua wanaijua, na aliyeitengeneza hapati tangazo la bure kutoka kwangu.

Lalamiko langu ni moja. Gemu hii iliuzwa kwa maneno "wachezaji wawili, skrini moja", na hicho kitu hakimo. Kimeondolewa. Toleo la majaribio walilotoa bure kabla ya kuanza kuuza lilikuwa nacho! Tulilicheza hapa hapa Mshomoroni, Mombasa, kwenye chumba changu cha gemu, pedi mbili za kuchezea mkononi, vijana wakipokezana, kelele mpaka jirani akaja kugonga mlango. Kwa hivyo asije mtu hapa akaniambia ni jambo gumu kiufundi. Lilishafanyika, tukaliona kwa macho yetu, na ndilo lililotutoa pesa mfukoni.

Nieleze kwa nini linanikera hivi, maana najua kuna watakaosema "si gemu tu".

Chumba changu ni kidogo. Gemu ya mpira ndiyo inayolipa kodi, sikatai. Lakini zile gemu za ngumi za mtaani, za kutembea kuelekea kulia mkiwachapa wanaokuja, ndizo zinazowafanya vijana wasiojuana wakae benchi moja na kuanza kuambiana "nishikie huyu" na "niachie kuku huyo" (chakula cha kurudisha afya) "nakaribia kufa". Kwenye mpira mnapingana. Huku mnasaidiana. Mtoto wa darasa la sita na dereva wa tuktuk wanakuwa kikosi kimoja kwa nusu saa. Hakuna gemu nyingine inayonifanyia hivyo.

Na hilo silo jambo la pembeni, ndilo lililozifanya gemu hizi ziwe kitu. Mwaka 1986 Technos wa Japani walitoa Renegade: mtu mmoja dhidi ya genge. Nzuri, ila mtu mmoja. Mwaka 1987 hao hao wakatoa Double Dragon, na safari hii mnaingia wawili kwa pamoja, Billy na Jimmy Lee, ndugu wanaomfuata Marian aliyetekwa na genge. Mnapigana hatua zote bega kwa bega. Mnamwangusha Willy, mkubwa wa genge, na bunduki yake. Kisha, kama nyote wawili mko hai, gemu haiishi: inawageuza mtazamane na kupigana nyinyi kwa nyinyi, atakayebaki amesimama ndiye anayebaki na Marian. Fikiria hilo limefanywa mwaka 1987, kwenye mashine ya sarafu, ile ya kulipia kila mchezo, bila mazungumzo marefu wala video. Adui wa mwisho ni yule aliye kando yako, ambaye dakika mbili zilizopita ulimwokoa.

Gemu hii mpya ilijitangaza kwa kitu hicho hicho, tena kwa ahadi kubwa zaidi. Ukurasa wake wa mauzo uliandika kwamba katika kisa cha mwisho mchezaji wa pili ndiye atakayeamua: amlinde ndugu yake au amuuze kwa genge pinzani, na kwamba hutajua amechagua nini mpaka mlango ufunguliwe. Wallahi nilipolisoma hilo nilisimama. Nikawaona vijana wangu kwenye benchi, mmoja anamkodolea mwenzake macho kutafuta dalili. Hicho ndicho nilichonunua.

Sasa sikilizeni kilichomo. Ndugu wa pili anaendeshwa na kompyuta. Anatembea nyuma yako, anagota kwenye pipa, anapiga hewa. Ukipigwa na watu wanne yeye anaangalia ukuta. Chakula kikidondoka anakila afya yake ikiwa imejaa. Halafu kisa cha mwisho kinafika, ule usaliti tuliongojea, na nani anaamua? Kompyuta. Kwa bahati nasibu. Nimemwona akimuuza ndugu yake, nikapakia tena gemu iliyohifadhiwa, akamlinda, kila kitu kikiwa vilevile. Usaliti wa kurusha sarafu unaniuma vipi mimi? Kinachouma katika maisha ya genge ni kwamba aliyekuuza anakujua, amekula kwenu, amelala kwenu. Kompyuta haijala kwetu.

Nimewaandikia. Jibu likaja, lile la kunakili na kubandika: "Tumeamua kuelekeza nguvu kwenye uchezaji wa mtandaoni, tunashukuru kwa mapenzi yenu." Yaani wawili bado mnaweza kucheza, lakini kupitia intaneti tu, kila mtu na kompyuta yake, kila mtu na nakala yake ya kununua, kila mtu na bando lake. Nimejaribu hata hivyo. Nikakopa laptopu ya rafiki, tukaziweka mbili juu ya meza moja. Mnafahamu kilichotokea? Vijana wawili wamekaa goti kwa goti Mshomoroni, na ngumi ya mmoja inazama baharini, inapanda mpaka kwenye seva za Ulaya, inarudi, ndipo mwenzake anaiona.

Na msiulaumu mji. Nyaya za baharini zinashukia hapa hapa Mombasa, TEAMS na SEACOM tangu 2009, na nyingine zimefuata. Tatizo ni umbali na jinsi walivyojenga gemu yao. Gemu hizi huendeshwa kwa fremu 60, yaani picha 60, kwa sekunde, kila fremu ni kama milisekunde 16.7. Safari ya kwenda na kurudi ikichukua milisekunde 150, fremu 9 zimeshapita. Katika gemu ya ngumi fremu 9 ni mtu ameshapigwa, ameshaanguka, na wewe bado unabonyeza kinga. Gemu yao inasimama kusubiri habari kutoka upande wa pili kabla ya kusogea, kwa hivyo kila kitu kinakuwa kizito, hata kuruka.

Dawa ya ugonjwa huu inajulikana miaka mingi. Tony Cannon alitoa GGPO, programu ya kucheza mtandaoni bila kuchelewa, mwaka 2006. Mashine haisubiri, inabashiri kitufe ambacho mwenzako atabonyeza na kuendelea, na ikikosea inarudi fremu chache nyuma na kujisahihisha kabla jicho halijashituka. Tangu 2019 msimbo wake uko wazi, mtu anauchukua bila kulipa hata senti. Mmeondoa kilichofanya kazi mezani mkasema mnakwenda mtandaoni, na huko mtandaoni hamkuchukua hata kile kinachotolewa bure!

Sasa kuhusu pesa, maana hapa ndipo ninapotaka mnisome taratibu. Duka la mtandaoni nililonunulia linakurudishia pesa ndani ya siku 14, mradi hujacheza zaidi ya saa 2. Sheria nzuri. Ila ndani ya gemu, ukichomeka pedi ya pili, maandishi yanatokea: "Mchezaji wa pili atafunguka baada ya sura ya kwanza." Sura ya kwanza inapita saa 2. Hairukiki, mazungumzo yake hayakatiki. Unaimaliza, unachomeka pedi, na kinachofunguka ni menyu ya mtandaoni. Kufikia hapo muda wa kudai pesa umeshakwisha. Nimeomba nirudishiwe, nimekataliwa kwa sababu hiyo hiyo. Siwezi kuona moyoni mwa mtu, lakini yale maandishi mtu aliyaandika akijua kwamba skrini moja haimo.

Na kupunguza wachezaji si jambo jipya, ndiyo maana silikubali. Double Dragon ilipoletwa Nintendo ya nyumbani mwaka 1988, wawili hawakuweza tena kutembea pamoja katika kisa, wakawa wanapokezana. Ya pili ikawarudisha pamoja, na wengi wetu pwani hii tuliijua hiyo kwa zile mashine za kaseti za kuiga Nintendo, pedi zake za waya mfupi, mnakaa pua karibu na tivii. Final Fight ya Capcom ilikuwa ya watu wawili kwenye mashine za sarafu mwaka 1989. Ilipokwenda Super Nintendo mchezaji wa pili akakatwa, Guy, mmoja wa wapiganaji wa kuchagua, akakatwa, na hatua nzima ya kiwandani ikakatwa. Lakini zile zilikuwa kaseti zenye nafasi ya kubana na mashine zisizoweza kubeba watu wengi kwenye skrini. Hata hivyo Final Fight 2 ilipotoka 1993 wawili walirudi. Leo mimi nina kompyuta ya mtumba inayocheza Streets of Rage 4 ya mwaka 2020 watu wanne kwenye skrini moja bila kukwama. Nafasi gani mliyoikosa nyinyi?

Najua utetezi unaokuja: "Ni kikundi kidogo, wanajitegemea, wahurumieni." Mimi ndiye wa kwanza kuwahurumia wadogo. The Friends of Ringo Ishikawa ya 2018 imetoka kwa mtengenezaji mdogo anayejiita yeo, picha za vitone hizi hizi, vijana wa genge la shule kule Japani, unapigana, unasoma vitabu, unakwenda darasani au huendi. Mwaka 2023 akatoa Fading Afternoon, ya mhuni wa yakuza, magenge ya Japani, aliyetoka gerezani. Ni za mtu mmoja mwanzo hadi mwisho, na sijawahi kumlalamikia hata siku moja, kwa sababu hakuniambia zina wawili. Alichosema ndicho alichoweka. Udogo haukuzuii kuandika ukweli kwenye ukurasa wako wa mauzo.

Na kuna wale wazee wangu watakaosema afadhali, gemu za magenge ndizo zinazoharibu vijana wa Kisauni, eneo letu hili. Naheshimu umri wao, lakini hapana. Kisauni tunayajua magenge ya mapanga, tumefunga maduka mapema kwa ajili yao, tumewazika watu. Kijana aliye kwenye benchi langu saa mbili usiku anagombania kuku wa vitone hayuko kwenye kichochoro. Nilitaka hasa gemu hii kwa sababu ya mwisho wake. Nilitaka wauone usaliti wakiwa wamekaa salama, mwenzao akiwa pembeni yao, na wabishane juu yake wakienda nyumbani.

Ninachodai si kikubwa. Rudisheni pedi ya pili iliyokuwa kwenye toleo la majaribio, hata kama ina kasoro zake, tutavumilia. Kama hamtaki, futeni maneno "skrini moja" kwenye ukurasa, maana mpaka ninapoandika hivi bado yapo, na watu bado wananunua. Na mliowauzia kwa maneno hayo warudishiwe pesa, saa 2 au saa 20.

NYONGEZA baada ya kusoma majibu:

Kaka wa Likoni uliyesema nicheze peke yangu kwani hadithi ni nzuri: hadithi ni nzuri, nakubaliana nawe kabisa. Ile sura ya gati usiku, mvua ikipiga kontena, sijaona picha za vitone zilizochorwa vizuri hivyo miaka mingi. Ndiyo maana nina hasira. Gemu mbaya ningeifuta nikalala.

Dada uliyeuliza kama inawezekana kuchomeka toleo la majaribio ndani ya gemu kamili: kuna kijana hapa amejaribu, pedi ya pili inasoma mpaka hatua ya tatu, kisha gemu inajifunga. Kumbe hata msimbo wake hawakuufuta wote. Mwenye ujuzi zaidi ajitokeze tafadhali.

Na wewe uliyeandika "si ununue nakala mbili tu" — lipa wewe, kisha nitumie ujumbe.

Kwa wengine wote: aliyewahi kupiga picha ukurasa wa mauzo kabla hawajaanza kuubadilisha, na aliye na risiti, aziweke hapa chini, afiche jina lake na namba zake. Nataka ionekane tarehe na yale maneno "skrini moja". Zikikusanyika nitazipeleka dukani kwa pamoja, kwa sababu ombi la mtu mmoja wanalijibu kwa mashine. Zangu naziweka sasa hivi kwenye jibu linalofuata.