Ukoo wa Babu Masanja 🙏: Landrova 109 ya mzee imetoka gereji

Mjomba Deo: Mwangaluka ukoo mzima. Fungueni hizo picha. 109 ya mzee imetoka gereji Nyakato jana jioni, imekuja yenyewe mpaka Buhongwa haijavutwa na mtu 🙏🙏

Kulwa: Weeeh mjomba shikamoo!! Hii ndo ile ya chini ya mwembe kuku walikuwa wanatagia humo ndani??

Mjomba Deo: Marahaba mwanangu. Ndo hiyohiyo

Shangazi Mbuke: Deo mdogo wangu umenitoa machozi asubuhi yote hii. Rangi ndo ileile kabisa umeipataje

Mjomba Deo: Dada nilifungua kile kiboksi cha chini ya siti, mule ndani jua halijawahi kufika kijani ilikuwa nzima kabisa, nikang'oa mfuniko wake nikaenda nao kwa mtu wa rangi akawa anachanganya anajaribishia pembeni mpaka ikalingana. Paa na rimu ndo ile nyeupe ya kama maziwa, zilivyotoka kiwandani

Dotto: Ila mjomba bodi haikuoza? mvua za miaka yote hiyo

Mjomba Deo: Bodi ya landrova ni aluminiamu Dotto. Waingereza walivyoanza kuzitengeneza 1948 chuma kilikuwa cha mgao sababu ya vita ndo wakashika aluminiamu, na wakaendelea hivyohivyo mpaka hizi za toleo la tatu, Series III kama ya mzee, zilizoanza 1971. Inabonyea lakini kutu ile nyekundu haiijui. Ugonjwa wake uko kwenye chesesi, ile fremu ya chini inayobeba gari, ile ni chuma na ndani iko wazi kama bomba, tope linaingia linakaa na maji yake, nje unaona safi kumbe inaliwa kwa ndani. Tulipita na nyundo ndogo toka mbele mpaka nyuma tunagonga tunasikiliza, palipo pazima panalia ngi ngi, palipooza panaitika pwaa, na mkono wa nyuma kushoto nyundo ilizama. Hapo tukakata pote pabovu mpaka tukakuta chuma kinachong'aa ndo tukachomelea kipya. Kiraka juu ya kutu nilikataa kabisa

Mjomba Deo: Halafu pale aluminiamu inapokaa juu ya chuma napo panalika, unakuta unga mweupe kama chokaa, kwahiyo kila sehemu bodi inapokalia chesesi tumetanguliza raba. Ile picha iliyopigwa uvunguni naona mnaipita tu mnaenda kwenye zenye rangi 😀 rudini muiangalie, kazi yote iko pale. Rangi mtu yeyote anapuliza

Kulwa: Nimeirudia. Aisee hata nati zinang'aa

Dotto: Injini je umefunga nini, maana kuna jamaa yangu Igoma ana Landrova one ten kaweka injini ya dizeli 3L ya Hiace anasema hajuti

Mjomba Deo: Ileile ya petroli, cc 2286, silinda 4. Ushauri huo nimepewa na kila fundi na sina ugomvi nao, mtu anayebeba mzigo kila siku aweke injini ambayo spea zake anazipata mtaani. Hii ni ya mzee. Mimi nilitaka ukiwasha usikie mlio ule ambao tukiwa shambani tulikuwa tunajua mzee ameshafika kona ya mnadani, 3L haiwezi kukupa huo. Tumeishusha, silinda zimechongwa, pistoni mpya, hedi imesawazishwa, kabureta tumefungua tukaosha basi. Na hendeli ya kuwashia kwa mkono ipo!! Nimeiwasha kwa hendeli pale gereji vijana wote wakaacha kazi. Nikawaonyesha gumba linakaa upande mmoja na vidole vingine, ukilizungushia hendeli ikarudi nyuma inakuvunja mkono

Mama Neema: Shemeji hongera sana. Mafuta inakulaje

Mjomba Deo: Asante shemeji. Inakula, sikufichi. Hii ni ya harusi, misiba na Jumapili

Kulwa: Mjomba hicho kitufe cha njano na hiyo gia nyekundu ndo nini

Mjomba Deo: Njano ukiibonyeza chini unapata foo wili, matairi yote manne yanavuta, kwa mwendo wa kawaida. Nyekundu ukiivuta ni gia nzito za kwenye tope na milima, hapo foo wili inaingia yenyewe

Shangazi Mbuke: Na kabla ya hapo mtu anashuka kuzungusha vile vidude vya kwenye habu za matairi ya mbele ili nayo yavute. Mimi ndo nilikuwa nashushwa. Tukifika kwenye mbuga ule udongo mweusi baba anasema Mbuke shuka ukafunge, nashuka pekupeku tope mpaka magotini nafunga huku nafunga huku, narudi nakaa juu ya magunia ya pamba. Landrova ilikuwa inanguruma inatoka tu, malori ya watu tumeyaacha yamelala. Ila pantoni ya Busisi ndo ilikuwa inatushinda, foleni unaweza ukalala pale

Mjomba Deo: Hizo habu nimezifungua dada, zinazunguka kwa vidole viwili. Utazifunga mwenyewe

Dotto: Mjomba nimemrushia picha mtu mmoja wa watalii anauliza bei

Mjomba Deo: Haiuzwi. Mwambie hivyo na namba yangu usimpe

Shangazi Mbuke: Haiuzwi!!!

Dotto: Sawa wakubwa nimemwambia

Shangazi Mbuke: Sasa lini mnaileta Sengerema niione kwa macho

Mjomba Deo: Jumamosi. Daraja si lipo siku hizi, kilomita 3 tunakatiza juu ya ziwa hatusubiri pantoni. Ila anayekuja ajue tunatembea 60, injini imechongwa juzi lazima ilainike kwanza, na breki zake ni za drum mbele na nyuma sitaki kumkaribia mtu. Nyuma ni yale mabenchi ya ubavuni, mama Neema wewe utakaa mbele

Mama Neema: Nitakuja na sato wa Mwaloni

Shangazi Mbuke: Wabeja. Mimi nachinja mbuzi, majirani wote nishawaambia

Kulwa: Mjomba nipitie Mkolani stendi saa moja nitakuwa nimeshafika

Mjomba Deo: Saa moja kamili Kulwa. Tukishapita Usagara nitakupa usukani kidogo, klachi ni nzito uje na viatu vya kufunga