Naomba ushauri: Mobutu angeishi mpaka lini kama vita isingemfuata?

Wakuu habarini, naombeni msaada hasa kwa wenye uelewa wa mambo ya saratani. Naandaa makala ya mwisho wa Mobutu, aliyekuwa rais wa Zaire (sasa DR Congo), na hapa nimekwama kabisa.

Jamaa alifanyiwa opareshen ya saratani ya tezi dume kule Lausanne, Uswisi, Agosti 1996, akaenda kupumzika Ufaransa kusini, huku nyuma Oktoba AFDL, kundi la waasi la Laurent Kabila, ikaanza kuchukua mji mmoja baada ya mwingine mashariki mwa nchi, Desemba akarudi Kinshasa mgonjwa hivohivo. Mei 1997 Mandela alipomkutanisha na Kabila kwenye meli pale Pointe-Noire, Congo-Brazzaville, Mobutu hata ngazi alishindwa kupanda. Siku chache baadae akakimbia, tarehe 7 Septemba akafia Rabat, Morocco, miaka 66 tu.

Sasa kuna wanaoniambia presha ya vita ndo ilimmaliza, kwamba angebaki Ulaya anatibiwa kwa utulivu angefika hata 2000. Mi naona hapana, mtu aliyedhoofika vile ndani ya miezi tisa baada ya opareshen ina maana ugonjwa ulishasambaa zamani. Ila mi sio daktari na sitaki kuandika uongo, maana hii ni historia ya wakongo waliomvumilia tangu 1965.

Je, stresi na kukatisha matibabu vinaweza kupunguza miaka kweli au ni miezi tu? Na ni sahihi kukadiria bila kuona faili lake la hospitali, au niachane na hicho kipengele kabisa? Nisaidieni wakuu