Msaada: gundi ya matundu ya statiki kwenye ndege ya kujitengenezea

Bati Jepesi: Wakuu, habari za jioni. Nipo Texas, naunda ndege ndogo ya RV-7 gereji. Nimefika kwenye matundu ya statiki, yale ya nyuma ya bodi, moja kila upande, yanayopeleka shinikizo la hewa ya nje kwenye vyombo kwa mrija. Swali dogo tu: gundi gani inafaa? Usingizi sina kwa ajili ya jambo hili, msinicheke.

Nauli Kamili: Ndege?! Hela hiyo si ungenunua kiwanja Kibaha, ukajenga vyumba vya kupangisha.

Fundi Kimya: Gundi ya nini? Mchoro wa RV unataka ribiti ya kichwa cha kubinuka. Unaing'oa msumari wa kati, tundu linabaki. Gundi inakaa ndani, pale mrija unapovalishwa. Wewe umeweka nini?

Bati Jepesi: Ribiti sijaweka.

Fundi Kimya: Sijauliza ambacho hujaweka.

Bati Jepesi: Nimeweka pleti za alumini zenye tundu, za kuchongwa, zimelala sawa na bati. Rangi nayo imeshapigwa. Zile ribiti zinakaa kama chunusi, mkuu.

Fundi Kimya: Kumbe. Hicho kichwa cha ribiti ndicho kinachopanga hewa inavyopita juu ya tundu. Ukikiondoa, shinikizo linabadilika. Likisomeka chini kuliko la kweli, kipima mwendo kinazidisha, altimita, yaani kipima kimo, nayo inakupaisha. Unakuja kutua ukijua una spidi, kumbe huna.

Bati Jepesi: Mbona wengi wanazo na wanaruka? Rangi ile sirudii.

Shangazi Mawingu: Mwanangu, mwaka 1996 Boeing 757 ya Aeroperú ilioshwa, matundu hayo yakazibwa kwa utepe, wakasahau kuubandua. Usiku, juu ya bahari, marubani hawajui wako juu kiasi gani. Watu 70 walikufa. Mimi niliendesha Land Rover ya marehemu baba Tabora mpaka Kigoma spidomita imekufa, lakini barabara nilikuwa naiona. Sali kabla hujaruka.

Kijiwe Nongwa: Hii chai. Mtu aunde ndege nzima halafu akwame kwenye gundi? Leta picha ya ndani ya mkia.

Bati Jepesi: [picha] Haya.

Kijiwe Nongwa: Umeokota Google hiyo.

Nauli Kamili: Kandambili za bluu zinaonekana pale chini. Mbongo huyo, mwacheni.

Fundi Kimya: Achaneni na kandambili. Bati, mrija wako ukitoka tunduni unashuka moja kwa moja. Ukinyeshewa, maji yanateremkia kwenye vyombo. Uupandishe kwanza juu ya usawa wa tundu, ndipo ushuke. Na ukianza kuruka, nenda pande nne kwa spidi ileile, ulinganishe na GPS. Kipima mwendo kikizidisha, bandika kipande chembamba cha bati nyuma tu ya tundu, shinikizo lipande kidogo.

Bati Jepesi: Mrija nitaupandisha kesho. Hicho kipande kitaharibu rangi.

Fundi Kimya: Kipake rangi.