Naomba ushauri: njia ya kwetu Manyatta imeanza kututia hofu

Ndugu zangu, ninaishi Manyatta, hapa Kisumu, na kila jioni binti yangu hushuka matatu Kondele akatembea kama dakika kumi hadi nyumbani. Sijasikia jirani yeyote aliyeporwa katika njia hiyo, lakini tangu vibanda vya mama mboga na wauza samaki vilipoondolewa kando ya barabara, sote tunaiogopa, kwa sababu palipokuwa na karai za mafuta, taa za koroboi na sauti za watu wanaotufahamu, sasa pamebaki ukuta mrefu wa mabati, nyasi zinazofika kiunoni, na mlingoti wa mulika mwizi ambao taa zake hazijawaka kwa miezi.

Mwaka 1982 Wamarekani James Q. Wilson na George Kelling walieleza kwamba dirisha lililovunjika, lisipotengenezwa, huwaambia wapita njia kuwa hakuna anayejali, na hivyo hukaribisha uhalifu. Wataalamu wamewapinga sana kuhusu uhalifu wenyewe. Kuhusu hofu, naona walisema kweli.

Majirani wanataka tuchange tununue taa. Mimi nahofia kwamba mwanga juu ya njia tupu utamwonyesha tu mtoto jinsi alivyo peke yake, na ningependelea tuiombe kaunti iwarudishe wachuuzi kwanza. Je, waliopitia haya Nakuru au Kakamega walianza na lipi? Na ombi kama hili tulipeleke kwa mwakilishi wa wadi, au kwa msimamizi wa wadi?