Ngozi ya magome husinyaa kwenye maji ya moto: nifanyeje?

Mshona Makubadhi, Bagamoyo:
Waungwana, ninadabighi (yaani ninatengeneza ngozi mbichi zisioze) ngozi za mbuzi kwa unga wa magome ya miwati. Rangi hutoka nzuri, lakini kipande nilichokichovya katika maji ya nyuzijoto 85 kilijikunja na kukakamaa. Je, naweza kuiimarisha bila kromu, ile chumvi ya madini inayotumiwa viwandani kudabighi?

Fundi wa Tanga:
Ndugu yangu, hilo si kosa lako. Tanini, ile dawa iliyomo kwenye magome, hushikamana na kolajeni (protini inayojenga ngozi) zaidi kwa vifungo vya haidrojeni, ambavyo joto huvilegeza, na ndiyo maana ngozi ya magome kwa kawaida husinyaa kati ya nyuzi 70 na 85. Baada ya miwati kupenya hadi katikati ya ngozi (kata ukingo uhakikishe), ongeza oksazolidini, kemikali ya kudabighia ambayo huziunganisha molekuli za tanini zenyewe kwa zenyewe na pamoja na kolajeni, hata ngozi ikaweza kustahimili nyuzi 100 na zaidi. Ukitanguliza dawa hiyo kabla tanini haijapenya, utafunga uso na kuacha kiini kibichi. Vaa glavu na ufanyie kazi penye hewa, kwa kuwa huweza kutoa formaldehaidi, gesi yenye madhara.

Mzee wa Pangani:
Wazee wetu walitumia magome ya mikoko, yanayoipa ngozi wekundu, ingawa leo mikoko ni hifadhi na haikatwi bila kibali. Lakini mwanangu, makubadhi hayapikwi; nyuzi 85 za nini?

Mshona Makubadhi:
Shikamoo mzee. Mteja anataka bitana za viatu vya kiwandani, ambavyo hupitishwa kwenye joto.