Baa za jimu zinaota kutu Kigamboni, nizichovye krome?

chuma_pwani: Wakuu habari za jioni. Nina kajimu Kigamboni, kama mita 300 toka baharini. Baa 4 za kunyanyulia uzito, kila moja kilo 20: mbili zimepakwa zinki, mbili nyeusi. Kutu imeingia hasa kwenye meno ya kushikia (ile mikwaruzo ya kuzuia mkono usiteleze), wateja wanaondoka na viganja rangi ya tofali. Kuna fundi anataka kuzichovya krome zote. Krome inadumu?

Mzee wa Kahawa: Nimeona "baa" nikaja mbio na glasi yangu. Samahanini, endeleeni.

fundi_tono: Krome ngumu ya kiwandani inadumu vizuri. Ila kwanza sema, ulikuwa unazisafisha na nini?

chuma_pwani: Kawaida tu mkuu, maji na kitambaa.

DadaMizani: Maji ya nini tena? Kila jioni piga brashi ya nailoni ikiwa kavu, utoe chaki ya mikononi na ngozi iliyoganda kwenye meno. Chaki inashika unyevu, jasho lina chumvi, na kwako upepo unaleta chumvi nyingine. Kisha kitambaa kikavu. Kwa huko pwani, mara moja kwa wiki dondoshea mafuta ya cherehani, sambaza kwa brashi, acha dakika 10, futa mpaka kiganja kisiteleze. Kwenye slivu (mirija ya ncha inayozunguka, unapovisha sahani) matone 2 au 3 pale zinapokutana na kola, ile pete ya kuzuia sahani, zungusha. WD-40 inafaa kulegeza uchafu wa nje, ila usiitegemee kama kilainishi na usiipulize ndani ya slivu, inayeyusha grisi. Brashi ya waya wa chuma inakwangua zinki, siki inaila kabisa. Na Jik isiguse chuma hata siku moja.

Mwalimu Kibao: Shida ya vijana wa leo ni kufungua biashara kabla ya kujifunza kuitunza. Kifaa ni kama mke.

DadaMizani: Mwalimu, mke hapakwi mafuta ya cherehani. Turudi kwenye mada.

kaka_mtaji: Jimu ya hivyo inaingiza shilingi ngapi kwa mwezi?

fundi_tono: chuma_pwani, maji na kitambaa havimalizi zinki namna hiyo. Zile mbili bado zina ule mng'ao wake au zimebaki chuma kitupu?

chuma_pwani: Sawa, niseme ukweli. Hizo mbili nilizitia asidi ya betri usiku kucha. Zilitoka safi, za kijivu, kesho yake zikageuka machungwa. Lakini fundi wa krome mwenyewe anasema asidi lazima ipite, kwa hiyo nimemsaidia kazi tu. Na advansi nusu nimeshatoa.

fundi_tono: Hapo ndipo penye hatari. Asidi ikila chuma inatoa haidrojeni, na sehemu yake inazama ndani ya chuma. Chuma kigumu (baa nzuri inahimili mvuto wa hadi megapaskali 1,300 kabla ya kukatika) kikinywa haidrojeni kinaweza kukatika ghafla kikiwa na mzigo, bila kupinda kwanza. Krome ya umeme inaongeza haidrojeni nyingine. Wanaojua kazi wanaiweka kwenye tanuri ndani ya saa 4 baada ya kuchovya, nyuzi 190 hadi 220 za Selsiasi, saa 8 au zaidi. Muulize fundi wako kama ana tanuri la kuingia baa ya mita 2.2.

chuma_pwani: Zangu ni za bei rahisi, labda chuma chake ni laini.

fundi_tono: Kikiwa laini hatari inapungua kweli. Lakini hujui ni chuma gani, na kinapita juu ya kifua cha mtu.

Pima_Kwanza: Wadau, hii chai. Baa ya m 2.2 uliilaza kwenye beseni gani?

chuma_pwani: Bomba la maji taka la inchi 4, nimeziba chini, nikalisimamisha. Moja moja. Asidi lita 5.

Pima_Kwanza: Bomba hilo kwa m 2.2 linabeba kama lita 17. Baa ya kilo 20 inachukua lita 2.5. Zinabaki zaidi ya 14. Lita 5 zako zingeishia chini ya nusu. Chai hiyo, na sukari imezidi.

chuma_pwani: Nilijazia maji ya kisima.

Pima_Kwanza: Ya chumvi? Ukamimina maji juu ya asidi?

chuma_pwani: Ndiyo. Ikachemka, ikanirukia viatu.

Pima_Kwanza: Basi naomba radhi, ni kweli. Hakuna mtu wa kutunga hilo. Siku nyingine asidi ndiyo inamiminwa kwenye maji, kidogo kidogo.

DadaMizani: Slivu ulizitoa kwanza?

chuma_pwani: Hapana.

DadaMizani: Basi asidi na chumvi bado vimo ndani. Toa kifuniko cha mwisho na klipu kwa koleo lake, vua slivu, mimina maji ya magadi ya kuokea mpaka povu liishe, suuza kwa maji matamu, kausha siku hiyo hiyo, osha na mafuta ya taa, angalia bushi (pete za ndani zinazozungushia slivu), tia grisi nyepesi. Hiyo ni kuzuia zisigande tu. Mbili hizo zitoe kwenye benchi na skwati. Zile nyeusi zinaokoka: nailoni na mafuta, msasa hapana.

chuma_pwani: Na advansi yangu je?

fundi_tono: Mwambie akuchovyee vipini vya mlango.